Mtaalamu Mgeni katika Kamusi Elezo Huria: Suala la Vyanzo na Hakimiliki katika Historia ya Tabora

1.0 Utangulizi

Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza, na makala zake sasa zimepita 80,000. Kamusi elezo hiyo haina mhariri mkuu wala jopo la wasomaji wa kitaaluma. Yeyote anaweza kuandika, kusahihisha au kuondoa alichoandika mwenzake. Kinachozuia vurugu ni kanuni walizojiwekea wachangiaji wenyewe, pamoja na usimamizi wa wakabidhi wachache wanaojitolea.

Kwa muda mrefu wasomi wa vyuo vikuu waliitazama kazi hiyo kwa mbali, wakiwaonya wanafunzi wasiinukuu. Siku hizi baadhi yao huingia kuandika, na mgogoro hujitokeza mapema. Mtu aliyetumia miaka 20 kuchunguza historia ya Unyanyembe huongeza aya mbili anazozijua kwa yakini. Kesho yake huzikuta zimeondolewa kwa kuwa hazina chanzo. Badala yake huweka kurasa za makala yake mwenyewe iliyochapishwa katika jarida. Hizo nazo huondolewa, safari hii kwa sababu zimekiuka hakimiliki. Wengi huondoka hapo na hawarudi tena.

Kuhusu hali hii kuna maoni ya aina mbili. Wapo wanaosema kuwa kanuni hizo ni dharau kwa elimu, kwani zinamweka bingwa na mwanafunzi wa sekondari katika daraja moja. Wapo pia wanaosema kuwa ni kanuni za kigeni, zilizotungwa na watu wenye maktaba kubwa, na kwamba haziwezi kuitendea haki jamii ambayo sehemu kubwa ya historia yake imehifadhiwa vichwani mwa wazee. Makala hii inadai kuwa maoni ya kwanza si sahihi, na kwamba ya pili yana ukweli lakini yanamlaumu asiyehusika. Kanuni za vyanzo na hakimiliki ni za haki. Madhara yanayoonekana katika makala zinazohusu Tabora yanatokana zaidi na deni ambalo wataalamu wenyewe hawajalilipa.

Tabora inafaa kuwa mfano kwa sababu ilikuwa kitovu cha njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa, Ugogo na Unyanyembe hadi Ujiji. Njia hiyo iliacha hazina tatu za habari: vitabu vya wasafiri wa Ulaya, maandishi ya Kiswahili ya watu wa pwani, na masimulizi ya wenyeji. Kila moja ina hali yake mbele ya kanuni zinazojadiliwa hapa.

2.0 Kanuni na sababu zake

Kanuni ya kwanza hudai kuwa kila dai linaloweza kubishiwa lionyeshe chanzo kilichochapishwa na kinachoaminika. Ya pili hukataza utafiti mpya: kamusi elezo si mahali pa kutangaza hitimisho ambalo halijapata kutolewa kwingineko. Ya tatu huhusu hakimiliki: maandishi ya mtu mwingine hayanakiliwi bila idhini, hata kama mwandishi wake ametajwa.

Kwa mtu wa chuo kikuu, mbili za kwanza ni kinyume cha mazoea. Chuoni, asiyesema jipya hapati shahada. Katika kamusi elezo, anayesema jipya hufutiwa. Chuoni, jina la msemaji lina uzito. Katika kamusi elezo, jina halina uzito kwa sababu hakuna anayeweza kulithibitisha. Hata mwandishi mashuhuri Philip Roth wa Marekani alikutana na jambo hili. Alitaka kusahihisha maelezo kuhusu asili ya riwaya yake mwenyewe, The Human Stain, akaambiwa kuwa neno lake peke yake halitoshi. Mwaka 2012 alichapisha barua ya wazi katika jarida la The New Yorker, na barua hiyo ikawa chanzo kilichotajwa katika makala husika.

Wengi husimulia kisa hiki kwa kucheka urasimu wa kamusi elezo. Lakini kikitazamwa vizuri, kinaonyesha kuwa kanuni ilifanya kazi yake. Kabla ya barua hiyo, msomaji angelazimika kumwamini mtu asiyemwona. Baada yake, aliweza kusoma maneno ya Roth na kuyapima mwenyewe. Mahali ambapo hakuna mhariri wa kumhoji mwandishi, chanzo ndicho kinachomlinda msomaji. Mtaalamu wa kweli na mjuaji wa vijiweni huandika kwa uhakika uleule; tofauti yao huonekana pale tu kila mmoja anapotakiwa kuonyesha ametoa wapi.

3.0 Kazeh, matobolwa na hongo

Faida ya kanuni hizi huonekana wazi zaidi katika mambo madogo, hasa majina na maneno. Richard Burton na John Speke walifika Unyanyembe Novemba 1857, na katika kitabu cha Burton cha mwaka 1860 kituo cha wafanyabiashara Waarabu kinaitwa Kazeh. Henry Stanley, aliyefika mwaka 1871, alilitilia shaka jina hilo, naye akaandika Tabora na Kwihara. Mgeni asiyezoea kanuni ataandika kwa mkato kuwa "zamani Tabora iliitwa Kazeh". Aliyezoea ataandika kuwa Burton alipaita Kazeh na kwamba Stanley alilitilia shaka jina hilo. Sentensi ya pili ni ndefu, lakini ni ya kweli. Imemwachia msomaji swali lililo wazi badala ya jibu la kubuni.

Mfano wa pili ni asili ya jina Tabora lenyewe. Simulizi inayopendwa sana hulihusisha na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Ni chakula cha Unyamwezi kinachohifadhika muda mrefu na kubebeka safarini, kwa hiyo simulizi hiyo inavutia. Mwanaisimu, hata hivyo, atakuwa na maswali. Kiambishi ma- kilidondoka kwa kanuni gani? Irabu o ya mwanzo wa shina iligeukaje kuwa a? Sauti w ya silabi ya mwisho imepotelea wapi? Haya ni maswali halali, na yanatosha kuitia simulizi shaka. Hata hivyo mwanaisimu akiyaandika moja kwa moja katika makala ya Tabora, atakuwa amefanya utafiti mpya, na wakabidhi watakuwa na haki ya kuyaondoa.

Je, hii si kuipendelea simulizi ya mitaani dhidi ya sayansi? La, kwani simulizi nayo haina ruhusa ya kuingia kama ukweli. Inaweza kuingia tu kama jambo linalosimuliwa, tena ikionyesha nani aliyeliandika. Aliye na hoja ya kifonolojia aiandike katika jarida la isimu, ipitiwe na wenzake, kisha yeyote aitaje. Kurasa chache za hoja kama hiyo zingemaliza ubishi ambao hauwezi kumalizika kwa kufutana. Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini hoja ambayo mwalimu wa isimu huweza kuieleza darasani kwa dakika kumi haipatikani kwa urahisi katika maandishi?

Mfano wa tatu ni neno hongo. Katika habari za misafara ya karne ya 19, hongo ni ushuru ambao msafara ulimlipa mtawala wa nchi ili upite kwa amani. Leo neno hilo humaanisha rushwa. Maneno mnyapara na posho nayo yana historia ndefu katika maisha ya misafara: la kwanza lilimtaja kiongozi wa wapagazi, la pili chakula walichogawiwa. Huu ni utajiri mkubwa kwa kamusi elezo. Hapa mtaalamu hana haja ya kubuni hoja mpya. Anahitaji tu kuonyesha neno limetumikaje katika maandishi ya mwaka fulani na kamusi ya mwaka fulani. Kazi ya namna hii haikiuki kanuni yoyote, na aliyefunzwa isimu ataifanya vizuri kuliko wengine.

4.0 Hakimiliki: makosa mawili yasiyofanana

Katika suala la hakimiliki, kosa la wasomi wengi ni kuchanganya mambo mawili: wizi wa kitaaluma na ukiukaji wa sheria. Chuoni hufundishwa zaidi kuhusu la kwanza. Mwanafunzi huambiwa ataje chanzo, na akikitaja huhesabiwa kuwa amesalimika. Lakini anayenakili kurasa tatu za kitabu cha Norman Bennett kuhusu Mirambo, kilichotoka mwaka 1971, na kumtaja Bennett kwa uaminifu, hajaiba kitaaluma, amekiuka hakimiliki. Kinyume chake, anayenakili kurasa tatu za Burton, aliyefariki mwaka 1890, bila kumtaja, hajavunja sheria ya hakimiliki, ameiba kitaaluma. Kamusi elezo inakataza yote mawili, kwa sababu mbili tofauti.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba sheria hulinda maneno na mpangilio wake, si habari yenyewe. Kwamba Mirambo alifariki Desemba 1884, au kwamba reli ilifika Tabora mwaka 1912, si mali ya mtu. Mtaalamu yuko huru kueleza kila kilichomo katika kitabu cha Bennett kwa maneno yake mwenyewe na kukitaja kitabu hicho. Ila kubadili neno hapa na pale huku sentensi zikifuatana kama zilivyokuwa si kueleza kwa maneno yako. Ni kunakili kwa kujificha.

Muda wa ulinzi nao una matatizo yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ya Tanzania huilinda kazi ya maandishi katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Uingereza ni miaka 70. Maisha ya Tippu Tip, aliyoyaeleza kwa Kiswahili kwa maneno yake mwenyewe, yalichapishwa Berlin na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Mwenyewe alifariki mwaka 1905. Kwa hiyo maneno yake ya Kiswahili ni huru kwa kipimo chochote kati ya hivyo. Tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley, iliyotolewa Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, ni kazi nyingine yenye haki zake. Whiteley alifariki mwaka 1972. Kwa kipimo cha miaka 50 ulinzi ulikoma mwishoni mwa 2022. Kwa kipimo cha miaka 70 utakoma mwishoni mwa 2042. Hali ni hiyohiyo kwa Mathias Mnyampala, aliyechapisha historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954. Alifariki mwaka 1969, hivyo miaka 50 ilitimia mwishoni mwa 2019. Lakini tafsiri ya Gregory Maddox ya mwaka 1995 bado ina mwenyewe. Mara nyingi, basi, matini ya Kiswahili huwa huru kabla ya tafsiri yake.

Lililo gumu zaidi kumeza ni suala la makala ya mtaalamu mwenyewe. Kwa kawaida, anapochapisha jaridani au kwa kampuni ya vitabu, hutia saini ya kuhamisha haki zake. Tangu siku hiyo hana mamlaka ya kuyatoa maneno yale kwa kamusi elezo, hata kama ni yeye aliyeyaandika. Na kama haki bado ni zake, hana budi kutoa idhini kwa maandishi, akikubali masharti ya leseni ya Creative Commons: atajwe, na kila atakayeisambaza kazi hiyo, iwe imebadilishwa au la, aisambaze kwa masharti yaleyale. Leseni hiyo huruhusu mtu yeyote kuibadilisha kazi na hata kuiuza. Asiyeyataka masharti hayo asitoe maandishi yake; aandike upya kwa ufupi na kuitaja makala yake kama chanzo. Hata hapo atangaze kuwa ni yake, asije akaonekana anajitangaza kwa siri.

5.0 Upande wa aliyebeba mzigo

Hapa ndipo hoja ya wale wanaoziona kanuni hizi kuwa za kigeni inapostahili kusikilizwa. Kwa kuwa vitabu vya Burton, Speke, Livingstone na Stanley havina tena ulinzi, na vimechapishwa mara nyingi, hunukulika na kunakilika kwa urahisi. Wikipedia ya Kiingereza ilianza kwa kuchukua maandishi mengi kutoka chapa ya 11 ya Encyclopaedia Britannica, ya mwaka 1910 na 1911, kwa sababu hiyohiyo. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye haraka huielezea Tabora kwa macho ya msafiri aliyebebewa mizigo. Mpagazi Mnyamwezi, aliyeijua njia hiyo kwa miguu yake, huonekana kama idadi tu, au kama kero ya mwenye msafara. Watumwa waliopitishwa humo huonekana kwa uchache zaidi. Utafiti wa baadaye, kama ule wa Andrew Roberts kuhusu biashara ya Wanyamwezi (1970) na wa Stephen Rockel kuhusu wapagazi (2006), umerekebisha picha hiyo, lakini upo katika vitabu vya Kiingereza visivyomfikia mchangiaji wa kawaida.

Dawa inayopendekezwa mara kwa mara ni kuruhusu masimulizi ya wazee yawe chanzo. Mwaka 2011 mradi uliofadhiliwa na taasisi inayoendesha Wikipedia ulijaribu jambo hilo nchini India na Afrika Kusini, kwa kurekodi mahojiano na kuyataja katika makala. Jaribio hilo lilikuwa na thamani, lakini halikubadili kanuni ya jumla. Sababu yake si ngumu kwa mtu anayejua kazi za Jan Vansina kuhusu mapokeo simulizi: masimulizi ni ushahidi unaohitaji kupimwa. Nani alisimulia, kwa nani, kwa manufaa ya ukoo gani, na yanatofautianaje na ya jirani? Historia ya Isike wa Unyanyembe, aliyekufa katika boma lake Januari 1893 akipigana na Wajerumani, haiwezi kusimuliwa kwa namna moja na kila ukoo. Kumwachia mchangiaji asiyefunzwa achague simulizi moja na kuiita ukweli si kuwaheshimu wazee. Mahali pa kuyapima masimulizi ni utafiti uliochapishwa.

Lakini hapa lawama inahama. Ikiwa masimulizi ya Tabora lazima yachapishwe ndipo yatajwe, anayepaswa kuyachapisha ni nani? Si mkabidhi wa Wikipedia. Ni idara za historia, Kiswahili na isimu, ambazo wanafunzi wake wamekuwa wakienda vijijini na vinasa sauti kwa miongo mingi. Mengi waliyoyakusanya yamebaki katika tasnifu zinazosomwa na watahini na vizazi vichache vya wanafunzi. Tasnifu isiyopatikana ni sawa na mzee ambaye hakuwahi kuulizwa.

Tena si kweli kwamba hazina huru ni ya Wazungu peke yao. Mbali na maisha ya Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora, zipo safari za Waswahili zilizochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, ikiwemo ya Selemani bin Mwenye Chande kutoka pwani kwenda bara. Ni kweli kuwa wengi wa waandishi hawa walitazama njia kwa jicho la mfanyabiashara wa pwani, na Tippu Tip hasa alikuwa mwenye watumwa na mwenye bunduki; maneno yao nayo yapimwe. Hata hivyo ni maandishi ya Kiswahili, ni ya watu walioitembea njia hiyo, na kunakiliwa kwake hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kumtaja Stanley mara kumi na kutomtaja Selemani hata mara moja si sharti la kanuni yoyote. Ni uchaguzi wa mwandishi, na msomi wa Kiswahili hana udhuru wa kuurudia.

Kuna tahadhari moja. Sheria ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, na leseni ya kamusi elezo huruhusu matumizi ya kibiashara. Wimbo wa ukoo au masimulizi ya mzee yakiwekwa humo, hayarudishiki. Mtafiti aliyepewa simulizi kwa ajili ya tasnifu hakupewa kwa ajili ya dunia nzima. Kabla ya kuyatoa, arudi kwa waliompa, awaeleze masharti hayo kwa lugha wanayoielewa, na akubali jibu lao hata likiwa la kukataa.

6.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kuwa kanuni za vyanzo na hakimiliki hazimdharau mtaalamu. Zinamtendea kama watawala wa njia ya Unyanyembe walivyoitendea misafara: hata mwenye jina kubwa alitakiwa kulipa hongo, na aliyelipa alipita. Tofauti ni kwamba hongo ya hapa haiishii katika ghala ya mtawala. Kila chanzo kinachoonyeshwa kinabaki kwa faida ya msomaji.

Yapo mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa idara za vyuo vikuu. Kwanza, wanafunzi wa uzamili wafundishwe tofauti kati ya wizi wa kitaaluma na ukiukaji wa hakimiliki, kwani wengi humaliza wakijua nusu tu ya somo hilo. Pili, mwandishi asome mkataba wa uchapishaji kabla ya kuutia saini, na abakize haki ya kuiweka kazi yake mahali ambapo wasomaji wa Tabora, Urambo na Ujiji wataipata. Tatu, masimulizi yaliyokusanywa yahaririwe na kuchapishwa kwa Kiswahili, pamoja na majina ya wasimulizi walioridhia kutajwa.

Jambo la tatu ndilo la haraka. Sheria ya hakimiliki hupima muda kwa miaka 50 au 70; mzee anayekumbuka habari alizosimuliwa na babu aliyekuwa mpagazi hana miaka hiyo. Mtaalamu anayelalamika kuwa aya yake imefutwa kwa kukosa chanzo anaweza kuirudisha siku atakapokichapisha. Mzee akiondoka kabla ya hapo, hakutakuwa na aya ya kurudisha.